UZI: Watu wamejitolea zaidi ya miaka 40, kwa nini mchesnati wa Marekani bado haujarudi msituni?

#1 Kitalu cha Mlimani

Habari zenu wadau.

Huu ni msimu wangu wa tisa nikijitolea katika shamba la majaribio la mchesnati wa Marekani, Castanea dentata, huko Pennsylvania. Wiki iliyopita tulikata kwa msumeno miti mingi tuliyoipanda kwa mikono yetu wenyewe, kwa sababu ilishindwa kustahimili ugonjwa wa gome na hatukutaka chavua yake iingie kwenye maua ya miti iliyofaulu. Nilipokuwa nikikokota matawi kwenda kwenye rundo, kijana mmoja aliyekuja kwa mara ya kwanza aliniuliza swali ambalo nililijibu nusu nusu: kama watu wamekuwa wakijitolea tangu mwaka 1983, mti wenyewe uko wapi?

Kwa wasioufahamu, mti huu ulitawala sehemu kubwa ya milima ya Appalachia, kuanzia Maine kaskazini hadi Alabama na Mississippi kusini. Ulizaa kokwa tamu kila mwaka, na mbao zake hazikuoza upesi, hivyo zilitumika kwa uzio, nguzo za simu na sakafu. Mwaka 1904 Hermann Merkel, msimamizi wa miti katika bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, aliona michesnati yake ikinyauka. William Murrill wa bustani ya mimea ya New York akathibitisha kuwa chanzo ni kuvu, ambayo leo inaitwa Cryphonectria parasitica, na baadaye ikabainika kuwa asili yake ni Asia. Inakadiriwa kuwa miti bilioni 3 hadi 4 ilikufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Lilipoundwa American Chestnut Foundation, shirika la kuurudisha mti huu, mwaka 1983, msingi wake ulikuwa wazo la Charles Burnham, mtaalamu wa jenetiki ya mahindi wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mchesnati wa Marekani uchavushwe na wa China unaostahimili ugonjwa, kisha chotara anayepatikana arudishwe kwa mzazi wa Marekani mara tatu, hadi upatikane mti ambao sehemu 15 kati ya 16 za urithi wake ni za Marekani, na ile moja ya China iwe ndiyo iliyobeba ustahimilivu. Baada ya hapo miti hiyo ichavushwe yenyewe kwa yenyewe. Hesabu hiyo ilisimama juu ya dhana kwamba ustahimilivu unabebwa na jeni mbili au tatu tu. Uchunguzi wa jenomu, yaani urithi wote wa mti, umeonyesha kwamba jeni zinazochangia ni nyingi, zimetawanyika katika kromosomu nyingi, na kila moja inachangia kidogo. Kwa hiyo kila tulipourudisha mti kwa mzazi wa Marekani, tulikuwa tunaumwaga ustahimilivu bila kujua.

Hilo ndilo dai langu: tulikwama kwenye hesabu. Mwenye maelezo tofauti, namkaribisha.

#2 Msomi wa Kuvu

Asante kwa uzi, mkuu. Nina marekebisho kabla ya kufika kwenye hoja yenyewe.

Tunaposema mti "ulikufa" tunawapotosha wageni, kwa sababu kilichokufa ni mashina, na mizizi mingi haikufa. Kuvu huingia kupitia jeraha lolote la gome, hata ufa usioonekana kwa urahisi, kisha hutandaza nyuzi zake chini ya gome katika umbo la feni, ikitoa asidi ya oksaliki ambayo huua chembe hai zilizo mbele yake. Kidonda kikishalizunguka shina lote, sehemu yote ya juu hunyauka. Lakini chini ya ardhi kuvu hiyo huzidiwa nguvu na vijidudu wengine wa udongoni, hivyo mizizi hubaki hai na kutoa machipukizi. Machipukizi hukua miaka kadhaa, gome likianza kupasuka huugua, hufa, na kisiki huanza tena. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalitaja michesnati zaidi ya milioni 400 iliyo hai msituni hadi leo, mingi mno ikiwa na mashina membamba yasiyofikia sentimita 2.5. Kwa hiyo yule kijana angejibiwa kwamba mti upo, ila hauachwi ukazeeka.

Kuhusu dai lako, nakubali kwamba dhana ya jeni chache imeanguka. Ila nisingeiita sababu ya kukwama. Ilikuwa dhana iliyoweza kupimwa, na imepimika kwa sababu tu nyinyi watu wa kujitolea mlipanda makumi ya maelfu ya miti na kuiambukiza kwa makusudi, mmoja baada ya mwingine, ili kuipima. Bila miti hiyo, wachunguzi wa jenomu wasingekuwa na cha kuchunguza.

#3 Gome Jekundu

Wakuu, mimi naona chanzo kiko nyuma zaidi, kabla Burnham hajaandika lolote.

Mwaka 1911 jimbo la Pennsylvania liliunda tume maalumu ya kupambana na ugonjwa huu na kuitengea dola 275,000. Mpango ulikuwa kukata miti iliyougua na kuzuia ugonjwa usivuke kuelekea magharibi. Mwaka 1913 tume ikafungwa, kwa kuwa spora zinazopeperushwa na upepo na kubebwa na ndege hazikujali mstari wowote. Lakini wazo la kukata lilibaki. Wenye misitu walishauriwa wavune michesnati yao ingali mizima, kabla ugonjwa haujafika, ili angalau wapate fedha za mbao. Misitu mizima ilivunwa mapema kwa namna hiyo.

Sasa tujiulize: katika miti bilioni kadhaa, ingekuwa ajabu kama isingekuwepo hata michache yenye ustahimilivu wa kuzaliwa nao. Miti hiyo ilikatwa pamoja na mingine, na mbegu zake zikaondoka nayo. Ndiyo maana leo tunalazimika kuomba jeni kutoka China.

#4 Dada Chavua

Habari wote.

Naheshimu hoja za #1 na #3, ila nadhani tunasahau muda, na anayekaa juu ya ngazi ndiye anayeujua muda huo.

Mchesnati haujichavushi wenyewe. Ni lazima miti miwili. Mwezi Juni tunapanda juu, kwa ngazi au kwa lori lenye ndoo ya kunyanyulia watu, na kufunika maua ya kike kwa mifuko ya karatasi kabla hayajawa tayari kupokea chavua. Siku kumi au kumi na nne baadaye tunapanda tena, tunafungua mfuko mmoja mmoja, tunapaka chavua tuliyoichagua, tunafunga. Mwishoni mwa Septemba tunapanda mara ya tatu kuvuna maganda yenye miiba ambayo hupenya hata glavu za ngozi. Kila ganda lina nafasi ya kokwa tatu, na mara nyingi zote tatu ni bapa, hazina kitu ndani. Mwaka wangu wa pili, kazi ya msimu mzima ya watu sita ilienea ndani ya kofia yangu.

Kokwa hizo haziruhusiwi kukauka, maana zikikauka zinakufa. Zinakaa kwenye friji ndani ya mboji yenye unyevu majira yote ya baridi. Zikipandwa, panya huzifukua. Zikiota, kulungu huzila. Zikinusurika, unasubiri miaka kadhaa shina linenepe kiasi cha kuambukizwa, na unasubiri tena lichanue. Hicho ni kizazi kimoja. Mpango wa Burnham una vizazi sita au zaidi. Anayeuliza kwa nini miaka 40 haijatosha, ahesabu vizazi kwanza.

#5 Kitalu cha Mlimani

Dada Chavua, umesema kweli, nami nimebeba makovu ya miiba hiyo. Lakini muda peke yake hauwezi kuwa maelezo, kwa sababu vizazi hivyo vimeshapita. Shamba la Foundation la Meadowview kule Virginia lilianza mwaka 1989, na kwa kuwa lilitumia miti ya Clapper na Graves, ambayo tayari ilikuwa imerudishwa kwa mzazi wa Marekani mara moja na watafiti waliotangulia, lilijiokolea kizazi kizima. Mwaka 2009 miche ya mwisho wa mpango huo ilikuwa imeshapandwa katika misitu ya taifa. Tulifika mwisho wa njia tuliyochora, tukakuta ustahimilivu ni wa wastani tu, na miti mingi iko nyuma ya matarajio. Ndiyo maana nasema hesabu.

#6 Mzee wa Carolina

Vijana, nimesoma yote, na bado hakuna aliyegusa ugonjwa uliotangulia.

Huku Kusini, mchesnati ulianza kufa kabla ya mwaka 1904. Kulikuwa na ugonjwa mwingine wa mizizi, unaosababishwa na Phytophthora cinnamomi, kiumbe cha udongoni kinachofanana na kuvu, ulioingia katika karne ya 19 na kuifuta michesnati ya nyanda za chini zenye udongo mzito unaotuamisha maji. Huo haubakizi machipukizi. Unaoza mzizi, unakuwa mweusi, na habari ya mti inaisha.

Mimi nilipanda miche mia mbili na kitu, chotara bora kabisa kwa viwango vya wakati ule, kwenye mteremko niliodhani unapitisha maji vizuri. Mwaka wa kwanza ikapendeza kiasi kwamba niliwaita majirani waione. Mwaka wa pili, baada ya mvua nyingi za kiangazi, majani yakaanza kugeuka njano kutoka safu ya chini kupanda juu. Nilipong'oa mche wa kwanza, mzizi ulibaki ardhini na shina likabaki mkononi. Nilikaa chini pale pale shambani kwa muda. Ikabaki miche kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja uliokufa kwa ugonjwa wa gome tunaoujadili hapa.

Ustahimilivu wa ugonjwa wa mizizi hurithiwa kwa njia yake. Mti unaweza kuwa shujaa dhidi ya kidonda cha gome na usiwe na kinga yoyote chini ya ardhi. Kwa miaka mingi tuliteua miti kwa kuangalia gome tu. Mnapouliza mti uko wapi, basi muulize pia ni wapi mliupanda.

#7 Dada Chavua

Shikamoo Mzee, na pole sana. Hilo la shina kubaki mkononi nalifahamu, na mtu halisahau.

#8 Mpenda Misitu

Naomba niongeze kidogo ili wageni waelewe ukubwa wa hasara. Zamani kindi aliweza kusafiri kutoka Maine hadi Georgia akirukaruka juu ya michesnati bila kugusa ardhi, kwa sababu mti mmoja kati ya kila minne katika misitu ya mashariki ulikuwa mchesnati.

#9 Msomi wa Kuvu

Ndugu Mpenda Misitu, nakutania kidogo: kindi huyo nimekutana naye katika kila mkutano, na hajawahi kuchoka.

Ni simulizi nzuri ya mapokeo, si kipimo. Robo ya miti yote ni kweli kwa baadhi ya miteremko ya Appalachia, na kuna mahali mchesnati ulizidi hata hapo, lakini si kweli kwa eneo zima la mashariki. Kuna jambo moja ambalo naona lina uzito zaidi ya idadi. Mchesnati huchanua mwishoni mwa Juni na kuingia Julai, wakati baridi kali ya usiku imeshapita, ilhali mialoni huchanua mapema na mara nyingine hupoteza mazao ya mwaka mzima kwa baridi ya usiku mmoja. Kwa hiyo dubu, bata mzinga na kindi walikuwa na chakula cha uhakika kila mwaka, na baada ya mti kuondoka wamekuwa wakitegemea mialoni isiyotabirika.

Niseme pia kuhusu #3. Mti mkubwa ulionusurika mara nyingi si mti wenye ustahimilivu. Mingi tunayoipima tunakuta imekwepa ugonjwa kwa kuwa mbali na mingine, au inaugua polepole. Ipo michache yenye ustahimilivu wa kiasi fulani, na kuna kundi linaloitwa American Chestnut Cooperators' Foundation, lenye makao Virginia, ambalo tangu miaka ya 1980 limekuwa likichavusha miti ya aina hiyo yenyewe kwa yenyewe bila damu ya China hata kidogo. Wamepata maendeleo, lakini hawajapata mti unaojitegemea msituni kila mahali. Kwa hiyo sidhani kama ukataji wa zamani unaeleza kila kitu.

#10 Gome Jekundu

Mkuu, hoja yako inathibitisha hoja yangu. Iliyopo leo ina ustahimilivu mdogo kwa sababu iliyobaki ni masalia ya uvunaji. Huwezi kupima miti iliyokwisha kuwa uzio.

#11 Jirani wa Wisconsin

Habari. Niruhusuni nilete upande ambao haujatajwa: kuugusa ugonjwa wenyewe badala ya mti.

Ulaya nayo ilipata kuvu hii. Ilionekana Genoa, Italia, mwaka 1938, na kila mtu alitarajia misitu ya huko iishe kama ya Marekani. Haikuisha. Katika miaka ya 1950 vidonda vikaanza kupona vyenyewe, na baadaye Jean Grente wa Ufaransa akaonyesha kwamba kuvu ya vidonda hivyo ilikuwa dhaifu na iliweza kuambukiza udhaifu wake kwa kuvu kali. Ndani yake kulikuwa na kirusi. Kuvu iliyoambukizwa hubaki juu juu ya gome, mti unapata nafasi ya kujenga gome jipya chini yake, na unaishi.

Hapa Wisconsin, West Salem, kuna msitu wa michesnati ulioanzishwa na mkulima aliyepanda mbegu chache mwishoni mwa karne ya 19, mbali kabisa na eneo la asili la mti. Zikawa maelfu ya miti. Ugonjwa uliufikia mwaka 1987, na kuanzia mwaka 1992 watafiti waliweka kuvu yenye kirusi kwenye vidonda. Nimetembea humo. Utaona shina lililojaa mabaka na uvimbe, lakini juu lina majani na maganda ya kokwa. Jirani yake, hatua tano, mti umekauka.

Swali langu ni hili: kwa nini tuliyaweka matumaini yetu yote kwenye kuzalisha chotara, ilhali Ulaya iliokolewa na kirusi?

#12 Msomi wa Kuvu

Kwa sababu kirusi hakisafiri kwa spora zote wala kwa upepo kirahisi. Hupita pale nyuzi za kuvu mbili zinapoungana, na kuvu huungana tu zikitambuana kuwa za aina moja. Sehemu nyingi za Ulaya zina aina chache, hivyo kirusi hupita kama habari njema katika familia moja. Misitu ya mashariki ya Marekani ina aina nyingi mno, na kirusi hukwama mlangoni. Michigan kuna vichaka vilivyopona vyenyewe, na vinatupa moyo, lakini jambo hilo halijaweza kurudiwa kwa makusudi katika Appalachia nzima.

Kuna jambo lingine linaloudhi. Kuvu hii huishi hata kwenye baadhi ya mialoni bila kuidhuru sana. Hata tukiondoa kila mchesnati, ugonjwa utatungoja.

#13 Fundi Maabara

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba njia ya maabara haipo. Kule Syracuse, katika chuo cha mazingira na misitu cha SUNY (Chuo Kikuu cha Jimbo la New York), William Powell na Charles Maynard walichukua jeni moja ya ngano inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja asidi ya oksaliki, ile ile aliyoieleza Msomi katika #2, wakaiweka ndani ya mchesnati wa Marekani. Kuvu haiuliwi, ila silaha yake inageuzwa kuwa hewa ya ukaa na peroksidi ya haidrojeni. Mti huo, Darling 58, ulihitaji jeni moja tu, wala haukuhitaji kumwaga nusu ya urithi kila kizazi. Maombi ya kuuruhusu yalipelekwa serikalini mwaka 2020. Naona jibu la uzi huu ni kwamba sheria imechelewesha.

#14 Kitalu cha Mlimani

Mkuu Fundi, hapo naomba nikusahihishe kwa heshima, kwa sababu jambo hili lilituumiza wengi. Desemba 2023 American Chestnut Foundation iliondoa uungaji mkono wake kwa mti huo baada ya kubainika kwamba miti iliyokuwa ikipimwa kwa miaka kadhaa kwa jina la Darling 58 kwa kweli ilikuwa Darling 54. Chavua ilichanganywa mahali fulani huko nyuma. Katika Darling 54 jeni ya ngano imeingia katikati ya jeni nyingine ya mti wenyewe, na Foundation ikasema kwamba miti mingi ilikua polepole, ilikufa zaidi, na ustahimilivu wake haukuwa thabiti. Chuo kilitofautiana nao na kikaendelea na maombi yake. Powell mwenyewe alifariki Novemba 2023, mwezi mmoja kabla ya tangazo hilo.

Nilikuwa nimechavusha kwa chavua ya miti hiyo, chini ya kibali, misimu miwili. Tulizingatia kila sharti, tukahesabu kila kokwa na kila ganda. Nilipopata habari nilifungua daftari langu, na kila ukurasa una jina la mti ambao haukuwepo.

#15 Fundi Maabara

Asante kwa marekebisho, na samahani kwa kuandika jina la zamani. Hata hivyo nashikilia msingi wa hoja: wazo la kuvunja asidi halijaanguka kwa sababu jeni ilitua mahali pabaya. Inawezekana kuiweka mahali pengine, au kuifanya iamke tu pale gome linapojeruhiwa, ili mti usiitumikie muda wote. Kosa la lebo ni la lebo.

#16 Dada Chavua

Kosa la lebo limechukua miaka ya watu, ndugu yangu. Silaumu mtu, kwa maana mimi mwenyewe nimewahi kukuta mifuko miwili imeandikwa namba moja. Ndiyo maana sasa katika kundi letu kila mfuko unaandikwa na mmoja na kusomwa kwa sauti na mwingine.

#17 Mgodi Kijani

Tuseme kesho tunaamka na mti kamili. Utaota wapi?

Mimi hufanya kazi na wanaorudisha misitu kwenye machimbo ya wazi ya makaa ya mawe huko Kentucky na West Virginia. Machimbo mengi yalifukiwa na kushindiliwa kwa mitambo mizito hadi yakawa magumu kama barabara, kisha yakapandwa nyasi. Miti haikuota. Mpango ulioanza mwaka 2004 ukabadilisha desturi hiyo, yaani ardhi inapasuliwa kwa meno marefu ya chuma au kuachwa legevu tangu mwanzo, na watu wa kujitolea wanapanda. Mchesnati hupenda udongo wenye asidi unaopitisha maji, na mwamba mchanga uliovunjwavunjwa una sifa hizo. Mzee wa Carolina atafurahi kusikia kwamba mara nyingi udongo huo mpya hauna ule ugonjwa wa mizizi, angalau mwanzoni.

Lakini ndani ya msitu uliopo, mche unapandwa kivulini. Huvumilia kivuli miaka mingi bila kufa na bila kukua. Bila mtu kufungua mwanya wa jua na kuzuia kulungu, hata mti wenye ustahimilivu kamili utabaki fimbo. Tumepanda ustahimilivu tukasahau mwanga.

#18 Mzee wa Carolina

Nimefurahi. Ila neno lako "mwanzoni" nililisoma mara mbili. Ugonjwa ule husafiri ndani ya tope la viatu na matairi, na ndani ya miche iliyokuzwa kwenye vyungu. Osheni buti zenu kabla ya kupanda kilima, na msilete mche wa chungu kutoka kitalu msichokifahamu.

#19 Mgeni wa Virginia

Habari za jioni. Nimekuwa msomaji tu. Kando ya njia ninayopita kwa miguu, karibu na mpaka wa shamba la mtu, kuna mti ninaoamini ni mchesnati, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa moja, na una vishada virefu vya maua vinavyoanza kutokeza. Niliwahi kuuliza mahali fulani nikaambiwa bila shaka ni wa China, nisijisumbue. Nawezaje kujua?

#20 Dada Chavua

Karibu sana. Jisumbue tu.

Shika jani. La Marekani ni refu na jembamba, linachongoka upande wa kikonyo, ni laini kama karatasi, halina vinyweleo upande wa chini, na meno yake ya pembeni ni makubwa yaliyopinda kama ndoano. La China ni pana zaidi, nene, linang'aa juu, na chini lina vinyweleo unavyovihisi kwa kidole. Tazama kijiti cha mwaka huu: cha Marekani ni chekundu-kahawia na kitupu, cha China kina rangi ya udongo mkavu na manyoya mafupi. Kisha kata kijiti chenye majani yaliyokomaa, kikandamize kati ya karatasi hadi kikauke, usikitie kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu kitaota ukungu, na ukitume kwa Foundation. Wana watu wa kutambua sampuli, na hawatozi.

Ukikuta kidonda chini ya shina, unaweza kukifunika kwa tope lililochukuliwa chini ya mti huo huo, ukalifunga kwa plastiki na kuliacha miezi kadhaa. Vijidudu vya udongoni aliowataja Msomi hufanya kazi juu ya gome pia. Haliponyi mti mzima, kwa sababu vidonda vya juu huwezi kuvifikia, lakini linakununulia misimu.

#21 Gome Jekundu

Na ikiwa ni wa Marekani, tafadhali mweleze mwenye shamba kabla mtu mwingine hajamweleza thamani ya mbao zake.

#22 Msomi wa Kuvu

Hapo tunakubaliana kabisa, mkuu. Hata kama mti huo hauna ustahimilivu wowote, una urithi wa eneo lake, wa udongo wake na majira yake, na machipukizi ya aina hiyo mengi hufa bila kuchanua. Makundi ya kujitolea yanapanda bustani za hifadhi kwa ajili ya urithi huo. Mpango mpya wa kuteua vizazi kwa kusoma jenomu utauhitaji, na njia ya Fundi Maabara itauhitaji, maana jeni moja ikiingia katika mti mmoja tu itahitaji kuchanganywa na mamia ya miti ya msituni.

#23 Kitalu cha Mlimani

Nimeyasoma yote tena tangu mwanzo. Bado naamini hesabu ndiyo iliyotukwamisha zaidi, ila sasa naona nilipoandika "tulikwama" nilikuwa nafikiria shamba letu la Pennsylvania pekee. Shamba la Mzee lilikwama kwa mzizi, na la Mgodi Kijani kwa mwanga. Gome Jekundu hajanishawishi, wala mimi sijamshawishi.

#24 Gome Jekundu

Sijashawishika.

#25 Mgeni wa Virginia

Nimerudi kutoka kule. Upande wa chini wa jani hauna vinyweleo. Kijiti ni chekundu na laini. Kuna vidonda viwili, kimoja kiunoni mwangu na kingine juu nisipofika, vyote vina vitone vya rangi ya machungwa. Nimehesabu machipukizi saba kwenye kisiki kimoja, hili likiwa refu kuliko yote. Sampuli iko kati ya magazeti. Mwenye shamba ni mama mtu mzima, anasema baba yake aliuita mti huo kwa jina lake na kuwakataza kuukata, na ameniruhusu niegemeze ngazi Jumamosi. Maua ya kike bado hayajafunguka, na sioni mchesnati mwingine karibu wa kuuchavusha.

#26 Dada Chavua

Nina chavua ya miti miwili ya milima hiyo hiyo, niliikausha mwaka jana na iko kwenye friza. Jumamosi tufunike maua tu, chavua nitaileta baada ya siku kumi. Niandikie kwa faragha mahali ulipo, usipaandike hapa uzini. Nitakuja na mifuko na kalamu isiyofutika.

#27 Mzee wa Carolina

Osheni buti.